Gauni Lililoitwa Perpetua

Mjue mapema kwamba mimi ni mtu wa wivu. Wapo watakaowaambia wivu huisha mtu akizeeka. Hao bado hawajazeeka. Mimi meno yamekwisha, uzi nautunga kwenye sindano kwa kubahatisha, lakini wivu uko palepale na hauhitaji miwani. Kwa hiyo mnaponijia hapa Nyasho na picha zenu kwenye simu, mnaniambia, "Bibi, tunataka kuanzisha nguo zetu wenyewe, zenye jina letu, ila ushonaji hatujausomea," nawapa chai, nawasikiliza, na rohoni nawaonea wivu. Nyie mnaanza na jina. Mimi jina nimelitafuta maisha yangu yote ya kazi. Nimeshona magauni yakavaliwa Musoma, yakavaliwa Bunda, yakafika Butiama, na yakaitwa kwa jina la mtu mwingine.

Mtu huyo aliitwa Perpetua. Nitafika kwake. Kunyweni chai kwanza, maana nikianza naye sasa hivi itapoa.

Sikusomea kushona. Nilizaliwa Suguti, Mjita mwenye kujua jembe na kinu. Shangazi yangu aliolewa na fundi Kassim wa hapa mjini, mtu ambaye babu yake alitokea Ujiji, na alipoolewa akanichukua nije kumsaidia kazi za nyumbani. Wakati huo Mwingereza bado anatawala, na mafundi wote wa Musoma walikuwa wanaume, kila mmoja na cherehani yake kwenye baraza ya duka la Mhindi. Unanunua kitambaa ndani, ukitoka unamkuta fundi mlangoni anakungoja. Mjomba Kassim alikuwaga kwenye baraza ya Ramji.

Sasa Mjomba alikuwa mtu wa haya sana. Mwanamke akija kupimwa, hamgusi kabisa. Ananiita mimi, nashika futi, yeye anageukia ziwani. Nikishazungusha futi kiunoni, naibana kwa vidole pale inapoishia, nampelekea vilevile imebanwa, yeye anasoma. Mimi namba sikuzijua. Ndiyo maana huwa nasema nilijua miili ya wanawake wa mji huu kabla sijajua kuhesabu. Nilijua wauza samaki wa Mugango shingo zao ni nene kwa kubeba makarai, ukiwawekea kola ya kubana wanakutukana. Nilijua mama mwenye mtoto mgongoni anataka kwapa pana. Nilijua wanawake wote hudanganya tumbo, wanalivuta ndani wakipimwa, halafu wanakuja kulalamika nguo inawabana pumzi. Mpimeni mtu akiwa anaongea. Akiongea tumbo linasahau.

Na shule yangu ilikuwa wembe. Kila nguo kuukuu iliyoingia nyumbani, shati la Mjomba, kaptura ya karani, niliifumua uzi kwa uzi, nikavitandika vipande mkekani, nikavitazama, kisha nikaishona tena. Nguo ukiifumua inakuambia yote: fundi alianzia wapi, alichokea wapi, na wapi alidanganya. Mjomba mwenyewe alidanganyaga kwenye mifuko. Nilipomwambia alicheka, akaninunulia mkasi.

Makosa? Nimefanya mengi kuliko vifungo. Nilimshonea mchinja nyama wa Mwigobero kanzu ya Idi kwa kitambaa nilichotoa dukani moja kwa moja, sikukiloweka. Akaivaa, ikampendeza, akaifua. Alirudi akiwa ameivaa, imepanda mpaka chini kidogo ya magoti, na kisu chake mkononi kwa sababu alitoka kazini. Mjomba alimwambia kwa upole, "Sheikh, sasa umepata shati refu." Yule baba hakucheka. Tangu siku hiyo kitambaa hakigusi mkasi wangu mpaka kimelala kwenye maji na kukauka.

Haya, sasa Perpetua.

Alikuja mjini akiwa ameolewa na mwalimu, wakapanga nyumba ya pili kutoka kwetu. Mzanaki wa Butiama, Mkatoliki, mrefu, sauti yake kama haitaki kukusumbua. Masista walimfundisha kushona tangu msichana, na walimfundisha hasa. Alikuwa anakata bila chaki. Mimi nachora, nafuta, nachora tena, mpaka kitambaa kinafanana na mtoto aliyeangukia unga. Yeye anakunja kitambaa, anakitazama kidogo, mkasi unaingia. Hata nguo zake zikianikwa uani zilining'inia kwa adabu. Zangu utadhani zimegombana.

Wanawake waliokuwa wakija kwangu kwa sababu hawataki kupimwa na mwanamume, mmoja mmoja wakaanza kupitiliza nyumba yetu. Wananisalimia vizuri, wananiuliza habari za shangazi, halafu wanaingia kwa Perpetua na kitambaa kwapani. Niliwahesabu kwa macho tu nikipeta mchele. Mnaniuliza kama nilimchukia? Ingekuwa afadhali. Yule mtu alikuwa hachukiki. Ukiugua anakuletea uji, na uji wenyewe mtamu.

Basi, msimu wa pamba ulipokaribia, Ramji akatuita wote wawili dukani. Ramji alizaliwa hapahapa Musoma, Kijita alikuwa anakijua kuliko nyie wajukuu zangu. Alikuwa amefunga waya kwenye baraza, kutoka nguzo hadi nguzo.

"Wanawake wanashuka na malori ya pamba kutoka Bunda na Guta," akasema. "Wanataka gauni leo, jioni wanarudi. Fundi anawaambia njooni kesho kutwa. Kesho kutwa wako shambani. Nataka magauni yaliyo tayari, yaning'inie hapa. Kitambaa natoa mimi. Yakipendwa, waya huu ni wa fundi huyo siku zote. Yasipopendwa, natundika kandili."

Halafu akamgeukia nani? Perpetua. Mimi nimesimama palepale, ananiona, mimi mpwa wa mke wa fundi wake.

Perpetua akatikisa kichwa. "Mimi najua kumshonea mtu aliyesimama mbele yangu, Bwana Ramji. Nisiyemjua siwezi. Mpe Hadija, yeye ana moyo."

Nina moyo. Hakusema nina mkono, alisema nina moyo. Neno hilo nimelibeba mpaka leo, na naona bado lina uzito uleule. Waya nimeupata, ndiyo, lakini nimeupata kama mtu anayepewa ukoko baada ya mgeni kushiba. Nikajiapiza pale pale: magauni ya waya ule yatakuwa yangu, na yatajulikana kwa jina langu. Mwanamke wa Bunda atashuka kwenye lori aseme, "Nipe Hadija." Hicho ndicho nilichokitaka, wanangu. Hata sasa ndicho ninachokitaka.

Lakini nianzie wapi? Nguo ya kupima mtu naijua. Nguo isiyo na mtu sijawahi kuishona. Mjomba alikuwa amekwenda Ujiji kwenye msiba. Nikaona njia ni ileile ya wembe: nitafute gauni zuri kuliko yote ninayoyajua, nilifumue, nilifuate. Na gauni zuri kuliko yote lilikuwa la bluu, la poplini, kiuno kimekaa, marinda yanacheza, na lilikuwa la Perpetua. Akipita nalo kwenda kanisani, hata wanaume waliokuwa wanacheza bao walisahau zamu ni ya nani.

Kwenda kumwomba kulinitoa jasho. Yeye hakusita. Alilitoa kambani likiwa bado na joto la jua.

"Lifumue tu, dada. Ila ngoja nikuambie habari ya bega."

"Najua, dada Perpetua."

"Hili la kushoto, unajua, nilipokuwa..."

"Nimekuambia najua. Mimi nimepima wanawake wa mji huu kabla wewe hujaja."

Akalikunja vizuri, akanipa kwa mikono miwili.

Nililifumua mkekani kwa heshima zote. Na hapo nikaona: bega la kushoto limeteremka kuliko la kulia, mbele na nyuma. Nikasema, kumbe. Kumbe hii ndiyo siri ya Masista, hiki ndicho kinacholifanya gauni lake likae namna ile. Na alitaka kuniambia nusunusu ili nikose! Nikaweka vipande juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, nikafuata kila mstari bila kupunguza hata uzi mmoja. Kisha nikatandika kitambaa cha Ramji tabaka juu ya tabaka, nikakata yote kwa pamoja kuokoa muda.

Hapa nisikilizeni, hata kama mengine mmelala. Kata moja kwanza. Livae. Chota nalo maji, inama nalo kwenye jiko, panda nalo kilima. Ndipo ukate mengine. Mimi nilikata kitambaa chote.

Siku ya kutundika, tulipitisha vijiti vya matete kwenye mabega tukayafunga kwenye waya. Magauni yote yakaegemea kushoto. Ramji akasema msumari umelegea, akapanda kwenye kreti akaugonga. Yakaegemea kushoto. Akashusha waya upande wa pili. Yakaegemea kushoto. Watu wakaanza kupinda shingo wakipita barabarani.

Mjomba alikuwa ndiyo kwanza amerudi safari, mzigo bado uko begani. Akasimama, akatazama waya, akanitazama mimi.

"Umelipata wapi hili?"

"Kwa mke wa mwalimu."

"Mwanangu," akasema, "wewe hukukata gauni. Umemkata Perpetua."

Ndipo Mjomba akanieleza, maana mwalimu alishamnong'oneza. Perpetua akiwa mtoto alianguka mwambani kwao Butiama, mfupa wa bega ukaunga vibaya, bega la kushoto likabaki chini. Masista walimfundisha kukata nguo inayolifuata bega lake, ili akiivaa aonekane sawa. Kwao watu wote walijua. Hapa mjini hakuna mwingine aliyejua, gauni lilikuwa linamfichia. Na mimi niliyejidai kujua miili ya wanawake nilikuwa nimemtazama kwa wivu kila siku, na wivu unatazama nguo tu. Mwili wake sikuwa nimeuona.

Na yeye akaja. Alikuwa anatoka sokoni na furu wake, wale samaki wadogo, wamefungwa kwenye jani. Akasimama mbele ya waya, bega lake liko pale mara nyingi, la maua, la mistari, la kijani, kila mtu anaweza kuliona. Akainua mkono akajishika bega chini ya khanga. Akaenda zake nyumbani.

Ramji akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kandili zake ziko tayari ndani. Kitambaa kimekwisha, waya unaniponyoka, na jina langu halijaanza hata kutajwa. Nikaketi kwenye ngazi za duka nikalia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Nililia kwa sababu hata kosa langu lilikuwa na umbo la Perpetua.

Lori la kwanza la pamba likaja. Wakashuka wanawake wa Guta na wa Bunda, wana vumbi, wana haraka, na hawana muda wa kuuliza. Msichana mmoja wa Guta akachukua la maua, akaingia ndani, akatoka nalo linamvuta shingo upande. Akalivuta huku, akalivuta kule. Mimi nimefumba macho. Halafu nikasikia wenzake wanacheka, lakini siyo cheko la kudharau. Nikafumbua. Yule binti alikuwa ameteremsha bega la kushoto kidogo, kidogo tu, na gauni limekaa. Limekaa kweli. Na akitembea na bega lile chini, kiuno nacho kinafuata, ana madaha utadhani amefundwa upya.

"Ukilinyookea linakukataa," akawaambia wenzake. "Lishushie bega hivi."

Wote wakaanza kushusha mabega pale barazani. Nikaanza kufuta machozi. Nikajua jina langu ndiyo hilo linakuja. Nikasogea mbele kabisa, nikasimama wanione, ili wakiuliza fundi nani nisiwachoshe kunitafuta.

Sasa kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, wa Butiama, amekuja kununua chumvi. Akasimama mlangoni akawatazama wale wasichana wanatembea. Akaweka chumvi chini.

"Eh. Huyu si Perpetua wetu?" akasema. "Ndivyo anavyotembeaga. Hili gauni ni Perpetua."

Basi. Ilikuwa imekwisha. Mama yule alinunua lake kwa mapenzi ya mtu wa kwao tu, na wasichana wakalichukua neno wakapanda nalo lori. Lori la pili liliposhuka, wa kwanza kuruka chini alisema, "Nipe Perpetua." Wa Bunda wakaja kutaka Perpetua wa mistari. Wa Mugango wakataka Perpetua wa kijani, kwapa liwe pana. Waya ukawa wangu siku zote, kama Ramji alivyoahidi, na kila asubuhi nilitundika Perpetua, kila jioni nikawa nimeuza Perpetua.

Msidhani nilikubali hivihivi. Nilijifunza kuandika herufi ya kwanza ya jina langu, nikaidarizi ndani ya shingo ya kila gauni kwa uzi mwekundu. Wateja walidhani ni alama ya dobi. Mmoja akanirudishia, akaniambia nimemuuzia nguo ya mtu. Nikashona magauni mengine yaliyonyooka mabega yote mawili, kazi safi, Mjomba mwenyewe aliyasifu. Nikamwambia Ramji haya yanaitwa Hadija. Yalining'inia wima kama askari mpaka jua likayachuja rangi. Mwanamke akishika moja, anaulizia, "Hili mbona halina bega?" Mwishowe niliyageuza foronya.

Nyie mnaoanza mnaniambia mtachagua jina, mtalichapa kwenye kitambaa, mtalitangaza. Sawa. Lakini anayevaa ndiye anayeita. Unaweza kupiga kelele jina lako mpaka koo likauke, mtu akishaamua nguo yako ni fulani, ni fulani. Jambo hilo sijalizoea, nawaambia tu lilivyo.

Yeye Perpetua alikaa kimya siku nyingi. Nilidhani ameniwekea kinyongo, na moyoni nikapumua kidogo, maana angalau sasa ana kasoro moja. Halafu asubuhi moja akanikuta Mwigobero kwenye samaki. Alikuwa amevaa gauni la kawaida, siyo la kumfichia. Bega liko chini waziwazi.

"Dada," akaniambia, "nimepita soko zima. Hakuna aliyenitazama. Wote wako kama mimi."

Akacheka, kwa mara ya kwanza nikamsikia anacheka kwa sauti. Akanunua ningu wawili, mmoja akanitilia kwenye kikapu changu. Nilimla yule samaki na alikuwa mtamu, na kila mfupa niliutafuna kwa wivu. Mimi nilishona, nikachomwa na sindano, nikaumwa mgongo. Jina likaenda kwake, na furaha nayo ikaenda kwake.

Sasa niwaambie la mwisho, kisha mwende, kuna mtu anakuja kuchukua sare za watoto.

Mwalimu alihamishwa, bendera ya Mwingereza ikiwa bado ipo bomani. Siku chache kabla hawajaondoka, Perpetua alikuja nyumbani na kitambaa cheupe, kizuri, kile ambacho Ramji alikuwaga anakificha rafu ya juu. Alikuwa ameshakiloweka na kukikausha, alinijua.

"Nishonee," akasema.

"Wewe? Mimi nikushonee wewe?"

"Tangu Masista waniache, sijawahi kushonewa na mtu, Hadija. Kila nguo niliyovaa nimeishona mwenyewe, najipima mwenyewe, nageuka kwenye kioo peke yangu. Nataka niende kwetu na nguo niliyoshonewa."

Akainua mikono apimwe. Nikachukua futi, nikaizungusha, kisha nikaona ujinga wangu. Nikaikunja, nikaiweka mezani.

"Shusha mikono," nikamwambia.

Nikakikunja kitambaa. Chaki ilikuwa pembeni, sikuigusa. Mkasi ukaingia wenyewe. Bega lile nilikuwa nimelikata mara nyingi kuliko nilivyopika ugali, kiuno kile mikono yangu ilikuwa inakifuata hata nikiwa nafikiria mambo mengine. Nilimshonea mchana ule ule, yeye ameketi pale pale mlangoni akimenya mihogo ya shangazi.

Alipolivaa alisimama mbele ya kioo kidogo cha Mjomba, akaangalia mbele, akaangalia ubavuni. Lilimkaa mahali pote. Hakukuwa na pa kuvuta, hakukuwa na pa kuachia. Bega halikufichwa wala halikuoneshwa, lilikuwa tu mahali pake. Akaweka kiganja juu yake, machozi yakamtoka.

"Kumbe ndivyo inavyokuwa," akasema.

Nami nikamtazama, wanangu, na wivu ukanipanda kuliko siku zote. Si wa mkono wake, maana siku ile wangu ulikuwa sawa na wake. Si wa jina. Mimi nimeshonewa na mafundi wengi, na nyingine nimejishonea, na mpaka leo hakuna nguo iliyonikaa vile, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunitazama miaka yote ile asichoke. Yeye alikuwa naye mtu huyo. Perpetua alikuwa na mimi.